Akanipiga Hapa

Alichotaka kilikuwa chumvi tu.

Bakuli la maharage lilikuwa mbele yake, limeungwa harakaharaka na binti yake kabla ya kwenda kazini, na ndani hamkuwa na chumvi hata ya dawa. Neno lenyewe alikuwa nalo. Alilihisi kichwani, limekaa kama mgeni mwenye haya kwenye ncha ya kiti, linasubiri kukaribishwa. Akafungua mdomo alitoe.

"Shati la bosi, bei ya tarishi," akasema.

Binti yake, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, akainua kichwa. "Unataka shati, mama?"

Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye bakuli.

"Ya moto?"

Hapana.

"Yameungua? Yana mdudu? Unataka kijiko kingine?" Binti akashika kijiko, akashika kikombe, akashika sahani ya mkate, akaviinua kimoja kimoja kama mtu anayeuza mali ya marehemu. "Basi sema hata nusu, mama. Herufi ya kwanza tu."

"Inua, pindua, tazama mshono," mama akasema, kwa sauti nzuri, iliyonyooka, isiyo na kigugumizi.

Binti akatazama saa ya simu yake. Akambusu mama yake kwenye paji la uso, upande ule mzima, akachukua mkoba. Mama akala maharage hivyohivyo. Si chumvi iliyomkaba. Kilichomkaba ni kwamba alimwona mtoto wake, pale mlangoni, akijifuta macho kwa kiganja kama anayefuta jasho, na yeye alikuwa na neno kamili la kumwambia, na alijua kwamba akifungua mdomo atamuuzia shati.

Sokoni walimwita Redio. Hawakumwita hivyo kwa kumsengenya. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa bingwa wa kusengenya, na jina hilo alilivaa kama cheo. Habari ikitoka upande wa samaki, ilipita kwanza kwenye kizimba chake ipimwe uzito, iondolewe mifupa, itiwe viungo, ndipo iende kwa wauza vyombo. Alijua nani anamdai nani, nani amehama kwa nani, na ndoa ipi imebaki ya picha ukutani tu. Mtu akimwambia, "Redio, hili liishie hapa," alijibu, "Litaishia hapa na hapo jirani," na watu wakacheka na kumwambia hivyohivyo.

Na alinadi. Hakuna mtu katika mstari mzima wa mitumba aliyenadi kama yeye. Robota likifunguliwa alipanda juu ya meza, akapiga kofi moja, akaanza:

*Inua, pindua, tazama mshono,*
*Shati la bosi, bei ya tarishi,*
*Mkono usiogope, nguo haing'ati,*
*Vaa leo, sifiwa leo, kesho ya nani?*

Maneno hayo aliyatunga siku za ujana wake, na alikuwa ameyasema mara nyingi kiasi kwamba usingizini midomo yake iliyachezea.

Siku ile ya rungu soko lilikuwa linasafishwa kwa sababu wakubwa walikuwa wanakuja kulitazama. Kusafisha maana yake ilikuwa kuondoa kila kitu kilichovuka mstari mweupe, na meza ya Redio ilikuwa imevuka kwa upana wa kiganja. Alikuwa anamsimulia Fundi habari za mke wa muuza nyama. Fundi alikuwa jirani yake wa kizimba, mwanamke mwembamba wa cherehani, aliyepunguza na kuongeza nguo za wateja wa Redio. Walikuwa wamekaa ubavu kwa ubavu tangu watoto wao wananyonya. Hadithi ilikuwa imefika patamu. Redio alikuwa ameshika mkono wa Fundi, amesema, "Sasa mlango ukagongwa," ndipo askari wa soko walipoingia mstarini na watu wakaanza kukimbia. Fundi akazama chini ya meza kukumbatia cherehani yake. Redio hakukimbia. Alidhani ana haki ya kumaliza sentensi.

Aliyemjia alikuwa Kucha, askari mrefu aliyefuga ukucha wa kidole kidogo cha kushoto, ukawa mrefu na wa manjano. Kila mtu sokoni alimjua. Alikuwa na rungu mkono wa kulia. Alisimama mbele yake, akamtazama machoni, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani, mama."

Kisha akampiga juu ya sikio la kushoto.

Hilo "samahani, mama" hakulisikia mtu mwingine. Lilibaki ndani yake peke yake, na mara nyingi, akiwa amekaa nyumbani mchana, dirisha wazi, lilikuja na kusimama nyuma ya shingo yake, laini, la mtu aliyelelewa vizuri.

Halmashauri ilisema alijikwaa.

Hospitalini alikaa mpaka mkono wa kulia ukaanza kusogea kidogo na mguu ukakubali kuburuzwa. Mdomo haukurudi. Daktari alimtazama macho kwa tochi, akamwambia binti kwamba ubongo umeumia sehemu ya usemi, akaenda kitanda kinachofuata. Aliyewaeleza ni mtaalamu wa matamshi, msichana wa mradi fulani, aliyepewa chumba kimoja na mafagio na ndoo za kupigia deki. Alimketisha Redio kwenye kiti, Fundi akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Anaelewa kila kitu," mtaalamu alisema. "Msimpigie kelele, si kiziwi. Msimsemeshe kama mtoto. Maneno yote yamo. Njia ya kuyatoa ndiyo iliyobomoka."

"Mbona nada inatoka?" Fundi akauliza. "Ananadi kama zamani. Jana amemnadia muuguzi shuka za hospitali."

Mtaalamu akacheka, na Redio akacheka. Kicheko nacho kilikuwa kimebaki kizima. "Nyimbo, sala, matusi, vitu ulivyovisema mpaka vimeota mizizi, hivyo vina kiuchochoro chao. Havipiti barabara kuu. Ndiyo maana tunaweza kuutumia wimbo kumfundisha. Unachukua neno, unalitia sauti ya wimbo, unagonga mezani kwa mkono wa kushoto, polepole. Maji. Choo. Inauma. Sitaki. Yale ya kila siku kwanza. Baadaye unaanza kuuondoa wimbo, neno linabaki."

"Baadaye lini?"

"Miezi. Mwaka. Na lazima awe na mtu anayejua. Usimkaririshe kitu kirefu kimoja, kinaweza kumganda."

Waliporudi mara ya pili walikuta ndoo na mafagio. Mfagizi aliwaambia mradi umekwisha, na yule dada amekwenda kwao.

Malalamiko yalipelekwa kwenye kamati ya halmashauri, na kamati ikakubali kuyasikiliza. Wengi walishangaa hata hilo. Kamati ikisema Redio amepigwa na askari wa soko, basi halmashauri ingemlipia matibabu kwenye ile hospitali ya kulipia, ambako watu wa matamshi wapo siku zote na wana chumba chao. Kamati ikisema amejikwaa, basi amejikwaa. Sharti lilikuwa moja. Mlalamikaji asiyekufa ajieleze kwa kinywa chake. Hasemewi.

"Kwani mashahidi hawatoshi?" binti aliuliza. Walikuwa wamekusanyika kwenye kizimba mchana, saa ile wateja wanapokwenda kula na soko linapumua.

Hapo ndipo kila mtu akawa na shughuli. Vizimba vilikuwa vinagawiwa upya mwezi uliofuata, na mgawaji alikuwa halmashauri.

"Mimi nilikuwa nimeinama," alisema Mama Viatu, aliyeuza viatu mbele ya mstari. "Natafuta mguu wa kushoto wa kiatu cha mteja. Nilipoinuka nikamkuta mwenzangu yuko chini."

"Ulikuwa unautafuta kwa macho yako kunielekea," Fundi akamwambia. "Nilikuona kutoka chini ya meza."

"Kama ulikuwa chini ya meza, wewe uliona nini?"

Fundi akashika mkasi wake. Hilo lilikuwa la haki, nalo lilimuuma. Alisikia tu, ule mlio wa rungu alikuwa nao bado masikioni.

Redio aliwatazama wote. Kichwani mwake sentensi zilikuwa zimepanga foleni, moja imevaa vizuri kuliko nyingine. Alitaka kumwambia Mama Viatu kwamba hamlaumu, ila asije tena kumsalimia kwa sauti ya msibani. Alitaka kusema hilo la samahani. Sauti yake ya zamani, ile nene yenye kicheko ndani, ilimtembelea kama marehemu asiyejua amezikwa. Ilikaa kooni, ikagonga, ikagonga, na alipoifungulia ikatoka:

"Vaa leo, sifiwa leo, kesho ya nani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa kutojizuia, kisha akajifanya anakohoa.

Ni Fundi aliyepata wazo. Aliweka mkasi chini. "Yule msichana alisema wimbo unapita. Sasa kwa nini tunahangaika na maji na choo? Kamati haitamuuliza choo. Tumpe ushahidi ndani ya nada. Sauti ileile, kofi lilelile, tunabadilisha maneno tu."

"Alisema tusimpe kitu kirefu," binti akasema.

"Alisema pia lazima awepo mtu anayejua," Fundi akamjibu. "Yuko wapi?"

Basi wakatunga. Jamani, wanawake wa soko wakiamua kutunga, nani atawazuia. Kila mmoja aliyekuwa ameinama siku ile sasa alikuwa na mstari wa kuchangia. Wakabishana kama waweke rangi ya rungu. Muuza vyombo akataka mstari wa kumlaani Kucha na watoto wake. Fundi akaukataa, akasema kamati si mganga. Mama Viatu ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Wekeni kwamba hakumtukana. Watamuuliza kama alimtukana. Na hakumtukana, mimi ningesikia." Kisha akarudi kupanga viatu vyake bila kumtazama mtu.

*Ilikuwa asubuhi, nimekaa kwangu,*
*Kucha akaja, rungu mkononi,*
*Sikumtukana, sikuinua mkono,*
*Akanipiga hapa, akanipiga hapa.*

Redio alipousikia mara ya kwanza alitikisa kichwa kwa nguvu. Walidhani anakataa wimbo. Alikuwa anataka kuongeza mstari. Alinyoosha kidole kinywani mwake, akakitoa, akainamisha kichwa kwa adabu kama mtu anayeomba radhi, akanyoosha tena.

"Anasema atubu?" mmoja akauliza.

"Anasema aombewe," mwingine akasema.

Akaacha.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Fundi alikaa mbele yake, goti kwa goti, akamshika mkono wa kushoto na kuugonga mezani. *I-li-ku-wa a-su-bu-hi.* Redio alianza vizuri, akafika "nimekaa," na ulimi ukateleza ukaingia "nguo haing'ati" kama punda anayejua njia ya nyumbani. Wakaanza tena. Wateja walisimama kutazama. Wasukuma mikokoteni waliopita na marobota walipunguza mwendo, wakashika mdundo, wakaondoka nao. Jioni Redio alirudi nyumbani taya zinamuuma, amelowa jasho kama aliyebeba mawe, na binti yake alimkuta amekaa gizani kando ya kitanda, mkono wa kushoto unagonga paja.

Siku mstari wa kwanza ulipotoka mzima, Fundi aliweka uso wake kwenye mikono, akakaa hivyo. Siku wimbo wote ulipotoka, mstari wote wa mitumba ulipiga makofi, na Mama Viatu akamletea Redio raba nyeupe, zote mbili zinalingana, akaziweka mezani na kuondoka haraka. Redio alilia. Alilia kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu alipoanguka alisema jambo lililotokea.

Chumba cha kamati kilikuwa na feni ya dari iliyozunguka bila kuleta upepo. Mwenyekiti alikaa katikati, mtu mzima mwenye sauti ya kubembeleza. Kando yake alikuwepo mwanasheria wa halmashauri, kijana aliyevaa shati ambalo Redio, hata katika hali ile, alilitambua ni la mtumba mzuri, robota la kwanza. Mlangoni alisimama askari wa zamu, mikono nyuma. Alikuwa Kucha.

Fundi alimwona kwanza. Akamfinya binti. Redio alipomwona, mguu wake wa kulia ulikataa kuvuka kizingiti, na ni Kucha aliyemshika kiwiko na kumsaidia kuingia.

"Mama, karibu ukae," mwenyekiti akasema. "Usiwe na hofu. Hapa tuko kama familia. Tuambie jina lako."

Redio akavuta pumzi. Mkono wa kushoto ukagonga paja. "Ilikuwa asubuhi, nimekaa kwangu—"

"Jina kwanza, mama."

"Kucha akaja, rungu mkononi—"

Kicheko kidogo kikapita kwenye viti vya nyuma. Mwenyekiti akainua kiganja. "Mama, hapa si arusini. Sema kama tunavyosema sisi."

Binti akasimama. "Mheshimiwa, hawezi kusema hivyo. Kichwa kimeumia. Kwa wimbo tu ndipo anaweza. Hospitali walituambia."

"Huyo wa hospitali yupo?"

"Aliondoka. Mradi uliisha."

"Basi tumwache mama aimbe," mwanasheria akasema, na tabasamu lake lilikuwa zuri. "Sisi hatuna neno. Aimbe mpaka mwisho."

Na Redio akaimba. Alisimama, kwa kuwa nada haiimbwi umekaa. Aliimba mistari yote, na sauti ikajaa chumba kile, ikagonga dirisha, ikawa ile nene ya zamani, na watumishi wa ofisi ya pili wakachungulia. Alipofika "akanipiga hapa," mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe juu ya sikio, pale ambapo nywele hazikuota tena. Akarudia, kama wimbo ulivyotaka. Kisha akashusha mkono. Feni ikazunguka.

Fundi alikuwa amefumba macho. Aliona wameshinda.

"Asante, mama," mwanasheria akasema. "Mheshimiwa, naomba kamati iandike kwamba mlalamikaji amesema kwa ufasaha. Hakukwama hata mara moja. Mimi mwenyewe nina shahada na siwezi kusema kwa pumzi ndefu namna ile." Watu wakacheka. Akatoa simu, akaiweka mezani, akabonyeza. Kutoka ndani yake ikatoka sauti ya Redio, siku za kwanza baada ya hospitali, inanadi: *shati la bosi, bei ya tarishi.* Mteja anauliza bei, watu wanacheka, soko linavuma. "Huyu ndiye mtu anayedaiwa kupoteza usemi. Anafanya biashara kwa mdomo huohuo."

"Muulize kitu kingine," binti akasema. "Muulize chochote."

"Nitamuuliza. Mama, huyo aliyekupiga alisema nini kabla hajakupiga?"

Fundi akafumbua macho. Lilikuwa swali la bahati tu, la mtu anayetaka kumkwamisha. Lakini Redio aliduwaa, maana katika watu wote, katika miezi yote, ni huyu aliyeligusa. Akamgeukia Kucha pale mlangoni. Kucha alikuwa anatazama dari. Redio alikuwa na maneno mawili, hayakuzidi mawili, na yalikuwa wazi kama maji ndani ya glasi. Akayasukuma. Mishipa ya shingo ikasimama. Midomo ikakutana, ikaachana, ikakutana.

"S—" akasema. "S— Sikumtukana, sikuinua mkono—"

"Hatukusema ulimtukana, mama."

"Akanipiga hapa—"

"Nani?"

"Kucha akaja—"

Mwenyekiti akamgeukia mwanasheria. "Huyo Kucha ni nani?"

"Tumetazama majina yote ya askari, mheshimiwa. Hakuna mtumishi wa jina hilo."

"Ni huyo hapo mlangoni," Fundi akasema. "Soko zima linamwita Kucha. Mwambie atoe mikono mbele."

Mwenyekiti akatazama mlangoni. "Kijana, wewe unaitwa Kucha?"

"Hapana, mheshimiwa," Kucha akasema, na hakudanganya. Mama yake hakumpa jina hilo. Mikono ilibaki nyuma.

"Unamfahamu mama huyu?"

"Ni mama yetu wa sokoni, mheshimiwa. Tunamheshimu."

Mwenyekiti akavua miwani, akaisugua kwa tai. Alionekana anahuzunika kweli, na pengine alikuwa anahuzunika. "Tatizo langu ni hili," akasema. "Huu wimbo, nani ameutunga?"

Binti akamtazama Fundi.

"Ameutunga yeye?"

"Tumemsaidia," Fundi akasema.

"Basi maneno si yake. Ni maneno yenu, mmempa ayaseme. Kamati inataka kinywa cha mlalamikaji, nyie mmeniletea kinywa cha soko."

"Mheshimiwa," Fundi akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama kitambaa chini ya sindano, "huyu hapa anasema mgonjwa anasema vizuri mno, kwa hiyo hajaumia. Wewe unasema hajasema lolote, maneno si yake. Chagueni moja."

"Wewe ndiye mlalamikaji?"

"Hapana."

"Basi kaa chini, mama."

Kamati ikaona kwamba mlalamikaji ana usemi wa kutosha. Ikaona pia kwamba hakutoa maelezo. Ikamtakia afya njema.

Vizimba viligawiwa. Wote walirudishiwa vya kwao, hata Fundi, ingawa chake kilisogezwa jua linakopiga. Redio alirudishiwa chake pia. Halmashauri haikutaka ionekane ina kisasi.

Asubuhi ya kwanza binti alimfungulia robota, akampandisha juu ya meza, akakimbilia kazini. Wateja wakasogea. Redio akapiga kofi lake moja, akafungua mdomo kunadi.

"Ilikuwa asubuhi, nimekaa kwangu," mdomo ukasema.

Akasimama. Akameza mate. Akapiga kofi tena, akaita *inua, pindua,* ambayo aliishi nayo miaka yote ya utu uzima wake, akaitafuta pale ilipokuwa imelala, akakuta pamefagiliwa. "Kucha akaja, rungu mkononi." Mwanamke aliyekuwa ameshika gauni akaliachia polepole kama limemwunguza. Wengine wakacheka, wakidhani ni nada mpya. Mmoja akauliza, "Na hii nyekundu?" akajibiwa kwamba hakutukanwa mtu.

Kuanzia hapo mdomo haukubadilika. Akitaka maji, akanipiga hapa. Akimsalimia binti yake, akanipiga hapa. Fundi alijaribu kumrudishia nada ya zamani, goti kwa goti, mkono mezani, lakini mikono yake mwenyewe ilikuwa imepoteza imani, na mara nyingi alianza kugonga na kumaliza kwa kukaa tu, amemshika mwenzake vidole.

Wimbo, lakini, ulitembea. Ulikuwa mzuri, hilo halikataliki. Wasukuma mikokoteni waliuchukua wa kunyanyulia mizigo: wote wanainama kwenye "akanipiga," robota linapaa kwenye "hapa." Waosha vyombo wa migahawa waliusugulia masufuria. Watoto wa wauzaji waliurukia kamba. Ukimuuliza mtu yeyote sokoni nani alimpiga nani na wapi, angekuimbia bila kufikiri, kisha angekuuliza kama unanunua au unatazama tu.

Siku moja ya joto Kucha alipita kwenye mstari wa mitumba. Hakuwa na rungu, alikuwa ametoka zamu. Alikuwa anaupiga wimbo ule kwa mluzi, taratibu, kama mtu asiyesikia anachopiga. Akasimama kwenye kizimba cha Redio, akachambua, akapata koti la kijivu, kitambaa kizito, zuri kweli. Akalivaa.

"Mama, hili bei gani?"

Redio alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akamtazama. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaanza.

"Ilikuwa asubuhi," akaimba, "nimekaa kwangu."

Kule mbele wasukuma mikokoteni walikuwa wanapakia. Waliusikia wakaupokea, kama kawaida yao. Mama Viatu, akipanga raba, akautia kibwagizo puani bila kujua. Kucha akatikisa kichwa kufuata mdundo, akageuka huku na huku, akavuta mabega.

"Kwapani linabana," akasema. "Fundi, unaweza kunifungulia kidogo?"

Fundi hakusogea. Kisha akatazama kizimba chake pale juani, akavua futi ya kupimia shingoni, akaja. Hakumtazama Redio.

"Inua mkono," akasema.

"Upi?"

"Wa kulia."

Kucha akauinua mkono wa kulia, juu kabisa, akausimamisha hewani apimwe. Na chini yake, kwenye kigoda, kichwa cha Redio kikajiinamisha chenyewe pembeni, bega likapanda kufunika sikio, macho yakafumba. Mdomo haukukatisha. Uliendelea kuimba, kwa sauti nzuri, iliyonyooka, na soko likiitikia, huku Fundi akiitandaza futi kutoka kwapani hadi kwenye kifundo cha mkono, akipima mara ya pili ili asikosee.